Fimbo moja, grafu nne: shajara ya mradi wa vivuli, Tanga 2025

Wanafunzi wangu wa kidato cha tano huchora sini na kosini bila taabu. Tukifika kwenye tanjenti, kotanjenti, sekanti na kosekanti, darasa linapoa. Wanakariri maumbo, wanayapachika pasipo mahali pake, na muhula ukiisha wamesahau. Safari hii nimeamua grafu hizo wazipime wenyewe juani, kisha ndiyo tuzichore. Naandika hapa kila hatua ikikamilika ili mwalimu mwingine akitaka kurudia asianguke nilipoanguka mimi.

Jumamosi, 22 Februari 2025: wazo na vifaa

Simamisha fimbo ya mita 1 wima kwenye sakafu iliyo sawa. Jua likiwa limepanda kwa pembe fulani, urefu wa kivuli kwa mita ndiyo kotanjenti ya pembe hiyo. Vuta kamba kutoka ncha ya fimbo hadi ncha ya kivuli: urefu wa kamba ndiyo kosekanti. Sasa chomeka kijiti kitokeze mlalo kwenye ukuta unaotazama jua. Kivuli kinachoteremka ukutani, ukikigawanya kwa urefu wa kijiti, ni tanjenti, na kamba yake ni sekanti. Wanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9 waliziita hesabu hizi kwa jina la kivuli hasa. Jina la tanjenti na la sekanti yalikuja baadaye sana, mwaka 1583, kwa Thomas Fincke wa Denmark, na kotanjenti likafuata mwaka 1620 kwa Mwingereza Edmund Gunter. Mimi nikifundisha ningependa lile la kwanza lingebaki.

Kilichonifanya nianze ni saa zetu. Kuna siku mbili kwa mwaka ambapo jua la adhuhuri linapita utosini hapa Tanga, na siku hizo hupanda karibu nyuzi 15 kila saa tangu linapochomoza. Kwa hiyo saa 1 asubuhi ni nyuzi 15, saa 2 ni 30, saa 3 ni 45, saa 6 ni 90, saa 12 jioni ni 180. Anayehesabu saa kuanzia usiku wa manane hawezi kupata urahisi huu. Sisi mhimili wa pembe tunao mkononi tayari: soma saa, zidisha kwa 15.

Tanga iko takriban nyuzi 5.07 kusini mwa ikweta, hivyo siku zangu ni 7 Machi na 5 Oktoba.

Gharama: kipande cha bomba la chuma la nusu inchi 4,000; futi ya kupimia 5,000; mshipi wa kuvulia, kwa ajili ya kamba, 1,500; saruji kidogo 2,000. Ndoo kuukuu ilikuwepo. Jumla shilingi 12,500.

Jumamosi, 1 Machi: jaribio, makosa mawili kabla ya chai

Nilisimamisha bomba kwenye ndoo ya saruji, nikahakikisha kwa timazi limesimama wima, nikaliweka uani juu ya sakafu ya saruji. Kosa la kwanza: ndoo yenyewe. Jua likishapanda, kivuli kinafupika na kuangukia ndani ya ndoo, na ndoo ina kimo cha sentimita 30. Vipimo vya kuanzia saa 5 hadi saa 7, ambavyo ndivyo vitamu kuliko vyote, vikapotea.

Kosa la pili lilinichukua muda kuliona. Sakafu ya uani ina mteremko wa kupeleka maji mferejini, kama sentimita 2 kwa kila mita. Machoni si kitu. Lakini jua likiwa chini, mteremko huo mdogo unavuta au kufupisha kivuli kwa asilimia saba au nane.

Marekebisho: nikahamia sehemu ya udongo, nikachimba shimo na kuizika ndoo hadi mdomo wake ukawa sawa na ardhi, nikapima upya ncha ya bomba iwe sentimita 100 kamili. Fundi seremala wa mtaani aliniazima papi mbili ndefu na pima maji. Papi inalazwa ikiwa sawa kabisa, na kivuli kinapimwa juu yake.

Ijumaa, 7 Machi: siku yenyewe, na imeharibika

Ijumaa ya kwanza ya Ramadhani. Vijana wanne walifika kabla ya jua. Mama jirani alichungulia juu ya ukuta akauliza kama tunatafuta mafuta.

Saa 1 asubuhi kamili kwa simu yangu nilitarajia kivuli cha sentimita 373. Ncha ya kivuli ilikuwa imetoka nje ya papi, imevuka migomba na kupanda ukuta wa uzio. Tungekuwa na nafasi ingezidi mita nane. Nikajiambia tutatulia jua likipanda. Haya ndiyo tuliyoyapata, kwa sentimita, na mbele yake nilichotarajia:

Saa 2: 252 (173)
Saa 3: 135 (100)
Saa 4: 80 (58)
Saa 5: 44 (27)
Saa 6: 15 (0)

Saa sita mchana, siku ambayo jua lilipaswa kuwa utosini, fimbo bado ilikuwa na kivuli cha shubiri moja. Kijana mmoja aliuliza kwa adabu sana kama labda tumekosea mji. Nikapima fimbo tena, nikarudia timazi, nikahakiki papi. Kila kitu kilikuwa sawa. Ilipofika saa 6 na dakika 35, wenzangu wakijiandaa kwenda msikitini, kivuli kikatoweka kabisa chini ya bomba. Nusu saa baadaye kuliko hesabu yangu.

Kosa jingine la siku hiyo: nilichomeka kijiti cha tanjenti kwenye ukuta wa nyumba. Ukuta haukutazama mashariki sawasawa bali umefuata barabara, na kivuli kikateremka kimshazari. Vipimo vyote vya ukutani nimevitupa.

Jumamosi, 8 Machi: mzee na ratiba ya msikiti

Nilikuwa nimekaa na daftari barazani alipopita mzee mmoja ambaye huadhini msikiti wa jirani.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Mwalimu, jana nimekuona unabishana na jua.”

Nikamweleza. Akatazama namba zangu, akacheka. “Hiyo ni saa ya simu. Jua halina simu. Jana adhuhuri iliingia saa sita na nusu na dakika zake, si saa sita. Ratiba imebandikwa pale msikitini tangu mwaka uanze.”

Ndivyo ilivyo. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Tanga iko kwenye 39.1. Kila nyuzi moja ni dakika 4, kwa hiyo jua linatufikia dakika 23 na nusu hivi baada ya saa. Juu ya hapo, mwendo wa dunia kulizunguka jua haulingani mwaka mzima: mwanzoni mwa Machi jua huchelewa dakika 11 zaidi, na mwanzoni mwa Oktoba huwahi karibu dakika 12. Machi zinajumlishwa, tukapata dakika 35. Oktoba zinaondolewa, zitabaki 12.

Nilikasirika kwa sababu hili nalifundisha kila mwaka. Dakika 35 ni karibu nyuzi 9, na grafu yetu ya jana si mbovu hata kidogo. Ni kotanjenti halali iliyosogezwa kulia nyuzi 9. Vijana walipotoa dakika 35 kwenye kila saa, nukta zote zikaja kukaa karibu na mahali pake. Somo la kusogeza grafu kwenye mhimili, ambalo huwa nalitengea vipindi viwili, liliisha kwa dakika kumi. Gharama ya marekebisho haya: sifuri.

Jumamosi, 21 Juni: jaribio la ukaidi

Masika yamepita, nikataka kuona kama kweli lazima kusubiri Oktoba. Ni lazima. Jua la leo liko mbali kaskazini, adhuhuri limefika nyuzi 61 na nusu tu, na kivuli kifupi kuliko vyote kilikuwa sentimita 54. Kotanjenti haikufika sifuri, kosekanti haikushuka hadi 1, na saa haziendani na nyuzi. Anayetaka kupima Juni inabidi apime pembe ya jua moja kwa moja, na ule uzuri wa kuzidisha kwa 15 unapotea.

Jumamosi, 27 Septemba: maandalizi ya mara ya pili

Tatizo lililobaki ni ukungu wa ncha. Jua si nukta, lina upana wa nusu nyuzi, kwa hiyo kivuli hakina mwisho mkali. Jua likiwa kwenye nyuzi 15, eneo la nusu kivuli kwenye ncha lina urefu wa sentimita 14 hivi. Machi kila kijana alikuwa akisoma namba yake na tulikuwa tunapiga kura.

Dawa: kipande cha bati la kopo, nimekitoboa tundu dogo katikati na kukifunga juu ya bomba, tundu likiwa sentimita 100 kutoka usawa wa papi. Ndani ya kivuli cha bati kunaonekana doa la mwanga, na katikati ya doa ndiyo kipimo. Mara ya kwanza nililifunga bati likiwa mlalo, jua la asubuhi likapita ubavuni bila kuingia tunduni. Linatakiwa ligeuzwe lilitazame jua, huku tundu likibaki kwenye kimo kilekile. Nimelifunga kwa waya laini ili lizunguke.

Mstari wa mashariki na magharibi nimeupata bila dira: weka alama ncha ya kivuli asubuhi, subiri hadi mchana kivuli kirudie urefu uleule upande wa pili, weka alama, unganisha.

Kwa tanjenti nimeachana na ukuta. Nimenunua plaiwudi nzima ya futi 4 kwa 8 kwa 32,000. Itasimamishwa wima ikitazama mashariki, kijiti cha sentimita 20 kikiwa karibu na juu. Mchana inageuzwa itazame magharibi. Baadaye plaiwudi hiyohiyo itakuwa ubao wa grafu.

Jumapili, 5 Oktoba: imekubali

Tumepima kwa saa ya jua: saa 1 yetu ni saa 1 na dakika 12 ya simu, na kuendelea hivyo. Kivuli cha fimbo, kisha kamba yake, kwa sentimita:

Saa 1: 365, kamba 378
Saa 2: 171, kamba 198
Saa 3: 99, kamba 141
Saa 4: 57, kamba 115
Saa 5: 27, kamba 103
Saa 6: 0, kamba 100

Nadharia inasema 373, 173, 100, 58, 27, 0. Tofauti ya saa 1 ni ya kweli na haitokani na uzembe: jua lenyewe saa hiyo lilikuwa juu kidogo ya nyuzi 15. Papi inabidi izungushwe kufuata kivuli, maana saa 1 ncha ilikuwa kama sentimita 25 kaskazini ya mstari wetu.

Kwenye plaiwudi, kijiti cha sentimita 20 kilitoa kivuli cha 20 saa 3, cha 35 saa 4, cha 75 saa 5, na saa 5 na nusu kikafika 152. Baada ya hapo kilikimbia. Dakika kama nane baadaye kilikuwa kimeshuka ubao mzima na kuingia kwenye udongo. Hapo mmoja wa vijana alipiga kelele, “Mwalimu, anaondoka!” Na hiyo ndiyo maana ya asimptoti. Mstari wa saa sita upo, kivuli kinaukaribia, na hakuna ubao mrefu wa kutosha.

Adhuhuri ilipopita, kivuli cha fimbo kikahamia mashariki. Tulikubaliana magharibi ni chanya na mashariki ni hasi, kwa hiyo kotanjenti ikavuka sifuri na kuteremka upande wa pili bila mtu kulazimishwa kuamini. Kamba haijali upande, ikabaki chanya, ikirefuka tena kuelekea jioni. Haikuwahi kuwa fupi kuliko fimbo. Miaka yote nimeandika ubaoni kwamba kosekanti haiingii kati ya −1 na 1, na miaka yote wameninakili. Leo walicheka nilipouliza kwa nini.

Saa 9, kivuli kilipolingana na fimbo, mzee alikuwa amesimama nyuma yetu. “Alasiri hiyo,” akasema, akaondoka kwenda kuadhini. Kwa Mashafii alasiri huingia kivuli kinapokuwa sawa na kitu chenyewe ukiongeza kivuli cha adhuhuri, na leo cha adhuhuri kilikuwa sifuri. Kotanjenti ya nyuzi 135, basi: −1, na adhana juu yake.

Jumapili, 12 Oktoba: ubao, na makosa ya brashi

Plaiwudi ina sentimita 244 kwa 122. Nimegawa sentimita 10 kwa kila saa, saa 24 zikakaa, na sentimita 12 kwa kila kizio kwenda juu na chini, kutoka −5 hadi 5. Rangi nyeupe na za mistari 14,000, brashi 2,500.

Kosa la kwanza nimelifanya mimi. Mchana wa tarehe 5 kivuli cha kijiti kilikuwa kikiteremka chini upande wa magharibi kama kilivyoteremka asubuhi upande wa mashariki. Nikachora tanjenti ya mchana juu ya mhimili, ikatoka kama mlima wa volkano, pande mbili zinapanda kuelekea saa 6. Binti mmoja akaniambia: kotanjenti ya saa 9 tumeipima −1, na tanjenti ni moja gawanya kwa kotanjenti, sasa hii imekuwaje chanya? Alikuwa sahihi. Kijiti kilikuwa kimegeuka upande, na kwa kijiti, kinyume na kivuli cha fimbo, upande wa magharibi ndio tuliopaswa kuuhesabu hasi. Urefu ni ule ule, alama ni tofauti. Vivyo hivyo sekanti: kuanzia saa 6 mchana hadi saa 6 usiku iko chini ya mhimili. Tukafuta kwa rangi nyeupe.

Kosa la pili: kijana aliyekuwa na brashi aliunganisha tawi la tanjenti la asubuhi na la mchana kwa mstari wa wima mmoja mrefu. Kila darasa lina mtu huyu. Sasa tunachora kwanza asimptoti kwa penseli, mistari ya vipande, na sheria ni kwamba brashi inainuliwa ikifika karibu. Tanjenti na sekanti huvunjika saa sita, ya mchana na ya usiku. Kotanjenti na kosekanti huvunjika saa kumi na mbili, asubuhi na jioni.

La tatu ni la fundi, si la hesabu. Brashi ya nusu inchi inaacha mstari wa sentimita 1.3. Saa 5 tanjenti ni 3.73 na sekanti 3.86, yaani kwenye ubao wetu zimeachana sentimita 1.6, na juu zaidi pengo linazidi kubana. Mistari miwili ikawa mmoja mnene, na mtu angeapa kwamba zinakutana. Hazikutani. Nimenunua brashi ndogo ya mchoraji na rangi ya kurekebishia, 5,000, tumerudia sehemu hiyo.

Vikombe vya sekanti na kosekanti vilichorwa mara tatu, kwa sababu mkono unataka kuvifanya parabola. Kilichosaidia ni kuchora sini kwa penseli hafifu kwanza. Kosekanti inagusa kilele cha sini saa 6 mchana, na inapaa mahali ambapo sini inazama kwenye sifuri.

Usiku hatukuupima, jua halipo. Tumeujaza kwa kurudia, na hapa tena saa zetu zimefanya kazi. Tanjenti na kotanjenti hujirudia kila nyuzi 180, kwa hiyo saa 3 asubuhi na saa 3 usiku zina thamani moja, kama mishale ya saa isivyojua mchana na usiku. Sekanti na kosekanti zinajua: zinarudi na alama iliyogeuka, na zinahitaji siku nzima ya nyuzi 360 kurudi zilipoanza.

Jumamosi, 18 Oktoba: nakala ya kompyuta

Nilitaka jedwali la kugawa kwa simu. Nikaandika tanjenti ya 45 kwenye programu ya jedwali, ikatoa 1.62. Programu hizi husoma pembe kwa radiani, si kwa nyuzi, badilisha kwanza. Baada ya kubadilisha, tanjenti ya nyuzi 90 haikutoa kosa. Ilitoa namba yenye tarakimu 17, kwa sababu kompyuta haishiki nusu ya pai kikamilifu, na mchoro mzima ukabanwa kuwa mstari mlalo wenye mnara mmoja. Futa seli za 90 na 270, ziache tupu kabisa, kisha weka mipaka ya mhimili kuwa −5 na 5. Ukiacha sifuri badala ya utupu, programu itakuunganishia matawi kama yule kijana wa brashi.

Kwa anayetaka kurudia

Jumla yangu ni shilingi 66,000, na nusu yake karibu ni plaiwudi. Ukipima bila ubao ni 12,500. Tarehe za jua la utosini: Mombasa karibu 10 Machi na 3 Oktoba, Dar es Salaam 3 Machi na 10 Oktoba, Nairobi 17 Machi na 26 Septemba. Ndugu wa Muscat hawatalipata kabisa: wako kaskazini kidogo tu ya tropiki, mstari wa mwisho ambako jua hufika utosini, na mwezi Juni watalikosa kwa chini ya robo ya nyuzi moja. Kabla ya kuchimba shimo, pita msikiti ulio karibu usome adhuhuri ya siku hiyo inaingia saa ngapi. Ratiba nyingi huongeza dakika moja au mbili za tahadhari, ziondoe.

Ubao umetundikwa darasani tangu jana. Bati lenye tundu mzee ameliomba.